Ufagio usiofagia: Simu yako haihitaji programu ya kuzima programu

Sokoni Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, simu ndiyo duka. Mama anayepeleka samaki wa sambaza Bukavu, Kongo, hafungi mzigo kabla hajauliza upande wa pili: sokoni Kadutu leo wananunua kwa bei gani, dola imesimama wapi, foleni ya mpakani Rusizi ya Kwanza ikoje. Majibu yanakuja kwa WhatsApp, mara nyingi kwa sauti, maana mikono ina kazi nyingine. Akivuka daraja anabadilisha laini: MTN au Airtel ya Rwanda inapumzika, na Vodacom, Airtel au Orange ya Kongo inashika zamu. Juni 2020, Rusizi ilipofungwa kwa ajili ya korona, biashara iliyokuwa ikivuka kwa miguu ililazimika kuagizana na kulipana kwa simu. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, maswali yaliyokuwa ya asubuhi yamekuwa ya kutwa nzima.

Kwa mtu wa namna hiyo, simu kuganda si kero ndogo. Inaganda mteja akiwa hewani. Chaji inakata saa nane mchana, mzigo ukiwa bado Mururu. Basi akiona tangazo linaloahidi kwamba simu itaenda mbio na kukaa na chaji maradufu, atalibonyeza. Inaingia programu yenye picha ya ufagio au roketi. Anagusa kitufe, duara linazunguka, namba zinapanda, na mwisho maandishi ya kijani yanampongeza kwamba mamia ya megabaiti yameachiliwa. Simu nyingine hazisubiri hata tangazo. Tecno, Infinix na itel, chapa tatu za kampuni ya Transsion ya Shenzhen inayouza simu nyingi barani Afrika kuliko kampuni nyingine yoyote, hutoka kiwandani zikiwa na Phone Master ndani, yenye kitufe cha aina hiyohiyo.

Je, simu janja inahitaji programu ya kazi hiyo? Jibu fupi ni hapana, na waliotengeneza mifumo ya simu wamelitoa wenyewe zaidi ya mara moja. Jibu refu lina faida zaidi kwa mtu wa Rusizi, kwa kuwa linaonyesha chaji yake inakokwenda kweli, na kwa nini huo ufagio unaweza kumkosesha mteja.

Desturi ilikotoka

Anayefunga programu moja moja kila baada ya dakika kumi hana kosa. Anafuata somo la zamani ambalo wakati wake lilikuwa la kweli. Aliyetumia kompyuta ya ofisi miaka ya 1990 alijua kwamba Windows ikizidiwa unaita orodha ya kazi zinazoendelea, unaua iliyoganda. Aliyeshika Nokia za Symbian, kabla simu za kugusa hazijateka soko, alijua kubana kitufe cha menyu mpaka programu zilizo wazi zijitokeze, kisha kuzifunga moja baada ya nyingine. Asipofanya hivyo, simu ilimwandikia kwamba kumbukumbu imejaa.

Android ilipoingia sokoni Oktoba 2008 kwa simu ya HTC Dream, RAM yake ilikuwa megabaiti 192 tu. Wanunuzi wa kwanza walihamia na tabia zao, na programu za kuua programu zikawa miongoni mwa zilizopakuliwa sana. Iliyovuma zaidi iliitwa Advanced Task Killer. Haukupita muda mrefu. Mei 2010, Android 2.2 ilizikata makali: zikabaki na ruhusa ya kuzima zile tu zilizoko nyuma, ambazo mfumo wenyewe ungezizima wakati wowote ukihitaji nafasi.

Mwaka huohuo Steve Jobs wa Apple, alipokuwa akitambulisha iOS 4, mfumo wa iPhone, alisema kwamba simu inayomlazimisha mtumiaji kusimamia orodha ya programu imekosewa tangu kuundwa. Machi 2016 mtumiaji mmoja alimwandikia Tim Cook wa Apple akitaka kujua kama kufunga programu kunaokoa betri. Aliyejibu ni Craig Federighi, mkuu wa programu katika Apple, na jibu lake lilikuwa hapana. Siku hizohizo Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android pale Google, alisema vivyo hivyo kwa upande wake, akaongeza kwamba kufungafunga huku kunaweza hata kupunguza chaji kidogo.

Mwaka 2023 mjadala ulifungwa kwa amri ya mfumo. Kuanzia Android 14, programu iliyopakuliwa inayoagiza programu za nyuma zizimwe inaweza kuzima za kwake tu. Za wenzake haizigusi. Katika maelezo yake kwa watengenezaji, Google imeandika waziwazi kwamba haiwezekani programu ya nje kuboresha kumbukumbu, matumizi ya umeme au joto la simu ya Android. Kwa hiyo mwenye simu mpya anayebonyeza kitufe cha roketi aliyoipakua anaangalia mapambo. Kwa njia hiyo ya kawaida, zenye nguvu zilizobaki ni zile zilizowekwa na kiwanda, kwa sababu zimepewa ruhusa za ndani ya mfumo.

RAM tupu haileti kasi

Mkanganyiko wote unaanzia kwenye neno kumbukumbu, ambalo madukani hutajwa kwa vitu viwili. Hifadhi ndiyo inayotunza picha, video na programu hata simu ikizimwa. RAM ni mahali pa kufanyia kazi ya sasa hivi, na simu ikizimwa yote yaliyomo hufutika. Muuza vitenge hakunji vitambaa vyote na kuvirudisha depo kila mteja anapoondoka. Anaviacha mezani kwa kuwa ajaye huenda akataka hivyohivyo, na meza tupu haimwongezei hata faranga moja. Robota jipya likifika, ndipo anaondoa kile ambacho hakijaulizwa tangu asubuhi.

Android imeundwa kwa hesabu hiyo. Ukitoka WhatsApp kwenda kupiga picha, WhatsApp haiendelei na shughuli zake kana kwamba bado unaitazama. Inawekwa kando, imetulia mahali ulipoiacha. Mfumo huzipanga programu kwa umuhimu: mbele kabisa ni iliyo kwenye kioo, ikifuatiwa na zinazofanya kazi unayoijua, kama redio inayoimba au ramani inayoongoza pikipiki. Baada ya hapo zinakuja huduma ndogondogo, na mkiani zipo zilizowekwa akiba tu. RAM ikipungua, mfumo unaanza kuondoa kutoka mkiani, bila kukuuliza na bila kukuonyesha duara linalozunguka. Kazi hiyo imekuwemo ndani ya Android tangu mwanzo.

Na umeme je? RAM hula umeme uleule iwe imejaa au iko tupu. Kinachokula chaji ni kichakataji kinachofanya kazi, kioo kinachowaka na redio ya mtandao inayotuma na kupokea. Programu iliyotulia akibani haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuguswa huzibana programu zote kwa pamoja na kuziamsha kwa vipindi. Android 8 ya 2017 ikapunguza yanayoweza kufanywa nyuma, na Android 9 ya 2018 ikaanza kuzipanga programu kwa kadiri unavyozitumia, ili ile unayoifungua mara moja kwa mwezi isipate haki sawa na ya kila saa.

Usiliamini gazeti, jaribu kwenye simu yako. Fungua WhatsApp, rudi kwenye kioo cha mwanzo, kisha ifungue tena. Inaibuka papo hapo, mazungumzo yakiwa yaleyale. Sasa nenda kwenye mipangilio, tafuta WhatsApp katika orodha ya programu, na uisimamishe kwa nguvu. Ifungue tena. Safari hii nembo inajitokeza kwanza, kioo kinabaki kitupu kidogo, kisha orodha ya mazungumzo inajaa polepole, hasa kama simu ni ya GB 2. Katika muda huo simu imesoma programu upya kutoka kwenye hifadhi, imeipangia nafasi upya na kujiunga na mtandao upya. Kazi ya kichakataji imepanda, chaji imetumika. Rudia hivyo mara nyingi kwa siku na utaona kwamba anayesafisha ndiye anayechosha simu.

Jaribio la pili ni jepesi zaidi. Bonyeza kitufe cha ufagio, andika namba ya megabaiti zilizoachiliwa, funga kioo, kunywa chai, kisha bonyeza tena. Takataka zimerudi. Ni kibodi, huduma za Google, WhatsApp na wenzake, zilizoitwa tena na mfumo kwa sababu zina kazi. Ufagio utaziita uchafu kila ukibonyeza, na kila ukibonyeza utaonyeshwa ushindi mpya.

Ujumbe usiofika

Hadi hapa hasara ni sekunde chache na chaji kidogo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hasara kubwa iko kwingine.

WhatsApp haikai macho usiku kucha ikisubiri ujumbe. Kuna mlango mmoja wa Google unaopokea taarifa za programu zote. Ujumbe ukifika hapo, mfumo unaiamsha programu husika, simu inalia. Utaratibu huo unaokoa chaji nyingi, maana mlinda mlango ni mmoja. Lakini programu iliyosimamishwa kwa nguvu haiamshwi. Mfumo unachukulia kwamba mwenyewe umesema usiisikie tena mpaka utakapoifungua kwa mkono wako. Mteja wa Bukavu anatuma sauti kwamba anataka ndoo nyingine mbili, anapiga kwa WhatsApp, simu haiiti. Saa mbili baadaye unafungua na ujumbe wote unamiminika kwa pamoja. Mteja amekwisha kununua kwa mwingine, nawe unalaumu mtandao.

Baadhi ya programu za kusafisha hufanya hivyo hasa. Kwa kuwa zimenyimwa njia ya kawaida, zinaomba ruhusa ya ufikivu, ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa kioo kwa urahisi, kisha zinakubonyezea kitufe cha kusimamisha kwa nguvu, programu baada ya programu. Watengenezaji wengine wa simu nao wamepitiliza. Hali ya kuokoa chaji waliyoiweka inaua programu ukiitoa tu kwenye orodha ya zilizotumika karibuni, au usiku simu ikiwa imelala. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba watengenezaji wa Sleep as Android, programu ya kufuatilia usingizi, walianzisha mradi wa Don't Kill My App mwaka 2019, wakaanza kuorodhesha kampuni za simu kwa kiwango cha ukali wa kuua programu, pamoja na maelekezo ya kuzituliza. Kengele ya asubuhi isiyolia na ujumbe usiofika ni ugonjwa mmoja.

Tiba yake iko ndani ya simu. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya WhatsApp na uchague isiwekewe vikwazo, na katika programu ya usimamizi iliyokuja na simu iweke kwenye orodha ya zisizoguswa. Kwenye simu nyingi pia unaweza kuishika kadi yake katika orodha ya zilizotumika karibuni na kuifungia kufuli.

Pesa kwa simu ina nafuu kidogo. Anayelipa kwa MoMo kwa kupiga *182# hategemei programu yoyote iliyoko nyuma, wala SMS ya kuthibitisha malipo haihitaji intaneti. Ndiyo maana fundi anaweza kusafisha simu mpaka ikang'aa na pesa ikaendelea kuingia, huku WhatsApp ikiwa kimya.

Nani anafaidika

Kama kitu hakisaidii, kwa nini kimejaa? Kwa sababu kina hela. Programu ya kusafisha hutolewa bure na hujilipa kwa matangazo: unabonyeza, unasubiri duara, na kabla ya kupongezwa unaonyeshwa mchezo, mkopo au programu nyingine ya kusafisha. Kadiri unavyoamini kwamba simu inachafuka kila saa, ndivyo unavyorudi kutazama. Bando lililopakua matangazo hayo umelinunua wewe.

Mfano uliojulikana zaidi ni Clean Master ya Cheetah Mobile, kampuni ya Kichina iliyoingia soko la hisa la New York mwaka 2014. Novemba 2018, BuzzFeed News iliripoti uchunguzi wa kampuni ya Kochava uliodai kwamba programu kadhaa za Cheetah Mobile zilijipatia malipo ya matangazo kwa udanganyifu, zikidai zimemshawishi mtumiaji kupakua programu ambazo alijitafutia mwenyewe. Cheetah ilikanusha. Februari 2020 Google iliziondoa programu zake katika duka la Play Store.

Kwa mtu wa mpakani kuna hatari iliyo karibu zaidi kuliko matangazo. Ile ruhusa ya ufikivu ikishatolewa, programu inaweza kusoma yanayoonekana kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Kwenye kioo hichohicho ndipo mfanyabiashara anapoandika namba ya siri ya MoMo. Wengi wa wanaoomba ruhusa hiyo huenda hawana nia mbaya, lakini hakuna sababu ya kuwapa ufunguo wa sanduku la fedha watu usiowajua kwa kazi ambayo mfumo unaifanya bure. Programu inayodai kuharakisha simu ikikuomba ruhusa hiyo, ifute siku hiyohiyo.

Chaji ya Rusizi inakokwenda

Ukiziacha programu za nyuma, wanaomaliza betri Rusizi wanajulikana, na wa kwanza ni mpaka wenyewe. Kamembe imeitazama Bukavu ana kwa ana, na minara ya Kongo inasikika upande huu kama ya Rwanda inavyosikika upande ule. Simu iliyoachiwa kuchagua mtandao yenyewe inaweza kuhama nchi mara kadhaa bila wewe kuinuka kwenye kiti. Kila ikipoteza mnara inatafuta, na kutafuta kunakula umeme. Mawimbi yakiwa dhaifu, redio ya simu inaongeza nguvu ya kutuma ili isikike mbali. Laini mbili ndani ya simu moja maana yake kazi hiyo inafanywa mara mbili. Basi katika mipangilio ya mtandao ondoa uchaguzi wa kiotomatiki, shika mtandao wako kwa mkono, na uzime data ya nje ya nchi. Laini ya Kongo izime ukiwa Rwanda kama siku hiyo huvuki. Hatua hiyo peke yake inaweza kukupa saa ambazo hakuna roketi itakayokupa.

Msafiri wa basi la Kigali naye atakumbuka Msitu wa Nyungwe. Kutoka Huye kuja Rusizi barabara inakata msitu kwa mwendo mrefu ambako minara ni adimu, na simu inatafuta kona baada ya kona. Anayefika Kamembe na asilimia 20 analaumu programu; ni msitu. Hali ya ndegeni mpaka mtandao urudi ndiyo dawa.

Wa pili ni joto. Kutoka Kamembe hadi bonde la Bugarama barabara inashuka zaidi ya mita 500, kuelekea kwenye ardhi ya chini kuliko zote Rwanda, na jua la mashamba ya mpunga na la barabara ya kiwanda cha saruji cha Cimerwa si la Kamembe. Betri ya lithiamu huzeeka haraka kwenye joto. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki, ramani ikiwa wazi na kioo kikiwa na mwanga wa mwisho, inachajiwa na kuchemka kwa wakati mmoja. Kufunga programu nyingine hakuipozi.

Wa tatu ni umri. Watengenezaji wengi hukadiria kwamba betri ikishachajiwa kikamilifu mara 500 hivi hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa kwanza. Kwa anayechaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka miwili. Simu ya miaka mitatu inayoisha chaji mchana inahitaji betri mpya kwa fundi anayeaminika.

Na simu inayoganda? Hapo tazama hifadhi. Vikundi vya familia, kanisa, msikiti na ushirika humwaga video kutwa, nazo zinajihifadhi zenyewe. Hifadhi ya simu za bei nafuu ni ya aina ya polepole, na ikikaribia kujaa inapungua kasi zaidi, kwa sababu mfumo unatafuta nafasi kabla ya kuandika chochote. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaonyeshwa kikundi kipi kimekula nafasi kiasi gani. Futa video kubwa, kisha zima upakuaji wa moja kwa moja. Acha angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi wazi. Huo ndio usafi wenye maana, na hauhitaji programu ya ziada.

Penye haki wapewe haki

Wanaozitetea programu hizi hawajakosa hoja yote. Simu ya GB 1 au GB 2 kweli inabanwa. WhatsApp, Facebook, kivinjari na kamera zikipokezana kwenye nafasi hiyo, mfumo unalazimika kuondoa na kurudisha bila kupumzika, na mwenyewe anahisi kila hatua. Lakini kuongeza mwondoaji wa pili hakupanui nafasi. Inayosaidia ni programu iliyotengenezwa ndogo: ndiyo maana Facebook ilitoa Facebook Lite mwaka 2015, na Google ikaleta toleo la Android Go mwaka 2017 kwa simu za RAM ndogo. Mwenye simu ya GB 2 afute asizozitumia, achukue matoleo mepesi, na azime simu na kuiwasha mara moja kwa wiki.

Ipo pia programu iliyoharibika. Ikiwa orodha ya matumizi ya betri inaonyesha moja imekula robo ya chaji na hukuigusa, isimamishe kwa nguvu. Ikirudia, isasishe au ifute. Huo ni uamuzi juu ya mkosaji mmoja unayemjua, na mipangilio ya simu inakutajia jina lake. Kuzifagia zote kwa pamoja kila baada ya saa ni kumwadhibu kila mtu kwa kosa la mmoja.

Suala hili litaongezeka uzito Rwanda, kwa kuwa watu wengi wanashika simu janja yao ya kwanza. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alifungua kiwanda cha Mara Phones Kigali. Desemba mwaka huo kampeni ya Connect Rwanda ilianza kukusanya simu kwa ajili ya familia zisizo nazo, na mwaka 2023 awamu ya pili, kwa ushirikiano na Airtel, ikaleta simu ya 4G kwa faranga 20,000. Simu ya bei hiyo haiwezi kuwa na RAM ya kutapanya, na mwenye simu ya kwanza ndiye anayeamini tangazo la ufagio kwa urahisi zaidi. Wa kumfundisha si Google. Ni fundi wa Kamembe na wakala anayemsajilia laini, kwa dakika tano za kumwonyesha namna ya kushika mtandao mmoja, kufuta video na kuiachia WhatsApp ipumue.

Kwa anayenunua, fedha iwekwe pale inapofanya kazi. Tangazo la RAM ya GB 8 mara nyingi ni 4+4: nne ni za kweli, na nne zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Muulize muuzaji RAM halisi ni kiasi gani, hifadhi ni kiasi gani, na betri ya aina hiyo inapatikana kwa fundi gani siku ikichoka. Akikujibu kwamba usijali, kuna programu ya kuifanya iende mbio, rudisha pesa mfukoni na uende duka la pili.